Mwalimu Anajibu: Kitabu cha Picha na Mtoto Anayeanza Kusoma

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni vitabu vya hadithi vyenye picha na namna vinavyoweza kumsaidia mtoto wa darasa la awali, la kwanza na la pili kujifunza kusoma. Nimechagua sita na kuzifupisha bila kubadili maana. Msimamo wangu utaonekana katika kila jibu, lakini ni vyema niutaje mapema: picha humsaidia mtoto kuielewa hadithi, kuizungumzia na kutaka kuendelea nayo, ilhali neno lenyewe husomwa kwa kupitia herufi na silabi zake. Anayeipa picha kazi ya herufi humchelewesha mtoto, na anayeipuuza picha kwa kuiona pambo tu humnyima mtoto sababu ya kutaka kusoma.

SWALI: Mwanangu ana umri wa miaka sita na yuko darasa la kwanza. Anacho kitabu cha picha anachokipenda sana, naye hukisoma kuanzia jalada hadi ukurasa wa mwisho bila kukwama. Juzi nilifunika picha kwa kiganja, akashindwa kusoma hata mstari mmoja. Je, alikuwa akinidanganya siku zote? Nimwondolee kitabu hicho?
Mama, Morogoro

JIBU: Mama, mwanao hakukudanganya, na tafadhali usimwondolee kitabu chake. Alichofanya ni kukihifadhi moyoni kwa msaada wa picha, na katika kufanya hivyo amekwisha kujifunza mambo ambayo mtoto asiyewahi kushika kitabu hana: kwamba kitabu hufunguliwa upande fulani, kwamba hadithi ina mwanzo na mwendelezo, na kwamba maandishi ya ukurasa mmoja husema maneno yaleyale kila yanaposomwa. Hizo ni stadi za mwanzo kabisa za kusoma. Kilichobaki ni kumvusha kutoka kwenye kukumbuka hadi kwenye kusoma neno, na kitabu anachokipenda ndicho kinachofaa zaidi kwa kazi hiyo.

Usiwe ukifunika picha kila mara, kwa sababu mtoto ataona kwamba anategwa. Someni kitabu kama kawaida kwa raha yenu, kisha rudini kwenye sentensi moja tu. Tuchukue ukurasa wenye picha ya jogoo aliyesimama juu ya ua, na chini yake pameandikwa "Jogoo anawika." Mtoto anayetazama picha peke yake anaweza kusema "Kuku analia", na kwa upande wa maana hajapotea sana. Watu wazima wengi hapo humwambia "Hebu tazama picha vizuri", na ushauri huo, ingawa hutolewa kwa nia njema, ndio unaomzoeza kubahatisha. Weka kidole chini ya herufi ya kwanza umwulize inatoa sauti gani, na kama neno kuku lingeanza na sauti hiyo. Mwache aunganishe jo, go na o, maana irabu mbili zinazofuatana katika neno hilo ni silabi mbili, kisha alitamke neno zima. Baada ya hapo ndipo atazame picha kuhakikisha kwamba alichosoma kinalingana na anachokiona. Nasisitiza mpangilio huo: herufi kwanza, picha baadaye kama shahidi.

Upo mchezo ambao watoto huupenda. Andika maneno machache ya kitabu hicho kwenye vipande vya karatasi, bila picha, uvichanganye, kisha mtoto asome kipande kimoja na kutafuta ukurasa ambao neno hilo limo. Akizoea, badilisha herufi moja tu: anawika, anafika, anapika. Atagundua mwenyewe kwamba jogoo wa kwenye picha hapiki chochote, atacheka, na kwa njia hiyo ataelewa kwamba herufi moja inaweza kubeba maana yote ya sentensi. Dakika chache kila jioni zinatosha, mradi zisikatizwe kwa wiki nzima.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha darasa la kwanza katika shule ya kijijini wilayani Kondoa. Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya 80, na nakala za vitabu vya hadithi nilizonazo hazitoshi hata kikundi kimoja. Watoto wengi huzungumza Kirangi nyumbani, na Kiswahili wanakikuta shuleni. Nianzie wapi?
Mwalimu, Kondoa

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, kwa sababu hali unayoieleza ni ya walimu wengi, na nisingependa nikupe ushauri unaofaa darasa la watoto 20 peke yake.

Anza na kitabu kimoja kikubwa kinachoonekana na darasa zima. Don Holdaway, mwalimu wa New Zealand, alieleza mbinu hii kwa kina katika kitabu alichokitoa mwaka 1979, akitaka watoto shuleni wapate kile ambacho mtoto hupata anapokaa karibu na mzazi anayemsomea: waone maandishi kwa macho yao wakati wanayasikia. Chagua hadithi fupi ambayo leseni yake inaruhusu kunakiliwa, uiandike kwenye karatasi za manila au upande wa ndani wa mifuko ya saruji iliyosafishwa, kwa herufi kubwa za kutosha kuonekana na mtoto aliyekaa nyuma kabisa, na zenye umbo lilelile la herufi za kitabuni. Kila karatasi iwe na sentensi moja au mbili na mchoro mmoja. Mchoro ukiwa wa kawaida haidhuru, lakini uonyeshe hasa kile ambacho sentensi inasema, kwa kuwa mchoro unaopingana na maandishi humvuruga mtoto anayeanza.

Siku ya kwanza usiguse herufi. Onyesha jalada, waulize wanaona nini, na wakikujibu kwa Kirangi pokea majibu yao, kisha uwape neno la Kiswahili kwa kitu hichohicho. Hapa ndipo picha inapofanya kazi ambayo maelezo marefu ya mwalimu hayawezi kuifanya. Fikiria neno korongo. Mtoto wa Kondoa analijua vizuri, kwa sababu ameyaona makorongo yaliyochimbwa na maji ya mvua katika ardhi ya kwao. Lakini hadithi ikisema kwamba korongo aliruka juu ya ziwa, atabaki ameduwaa hadi amwone katika picha yule ndege mwenye miguu mirefu. Mtoto anayejifunza kusoma kwa lugha ambayo bado anajifunza kuizungumza ana mizigo miwili kwa pamoja, na mazungumzo juu ya picha humpunguzia mmoja kabla hajabebeshwa wa pili.

Kisha wasomee hadithi, ukipitisha fimbo chini ya kila neno unapolitamka, bila haraka na bila kukatiza utamu wake kwa maswali. Irudie kesho yake, nao wakufuate kwa sauti. Wakiishaizoea, chukua kutoka ndani yake silabi unazozifundisha wiki hiyo. Kama mpo kwenye k, chagua mapema hadithi yenye kuku, kikapu na kaka, ili watoto wazikute silabi za ubaoni zikiwa zinafanya kazi ndani ya habari wanayoijua. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika Tanzania Bara mwaka 2015 uliweka mkazo katika KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na nimewahi kuwasikia walimu wakisema kwamba kwa hiyo hadithi zisubiri hadi silabi zote zikamilike. Sikubaliani nao. Fundisha silabi kwa mpango na kwa uthabiti kila siku, tena usizichukulie kwa wepesi, lakini mtoto asikae miezi mingi akiimba ba, be, bi, bo, bu bila kuonyeshwa mahali ambapo silabi hizo zinampeleka.

Nakala chache ulizonazo zizungushe. Kikundi kimoja kikisoma, watoto wawiliwawili kwa nakala moja, wengine wanakili sentensi moja kutoka kwenye karatasi kubwa na kuchora picha yake. Michoro hiyo usiitupe. Ikusanye, uishone kwa uzi, uandike jalada, nayo itakuwa kitabu cha darasa ambacho watoto watakisoma kwa hamu kuliko kitabu chochote cha dukani, kwa kuwa majina yao yamo.

Jambo moja linanitia wasiwasi katika madarasa makubwa, nami naomba ulichunge sana. Sauti ya watoto 80 wanaosoma kwa pamoja hupendeza masikioni, lakini humficha asiyesoma. Mtoto anaweza kufuata wenzake mwaka mzima kwa kuchelewa nusu silabi tu nyuma yao, mwalimu asijue. Kila siku waite watoto wachache, mmojammoja, kila mmoja akusomee sentensi moja ambayo umeiandika kwa maneno ya hadithi ile lakini kwa mpangilio mwingine. Weka alama mbele ya jina lake katika daftari lako. Ndani ya wiki chache utakuwa umewasikia wote, na utajua nani anasoma na nani anaitikia.

SWALI: Barua hii ameniandikia binti yangu. Mimi nilisomeshwa chuoni nikahitimu msahafu, lakini hizi herufi za skuli sizijui. Mjukuu wangu wa darasa la pili hushinda nami mchana, na mwalimu wake amempa vitabu vya picha avisome nyumbani. Mimi nitamsaidiaje?
Bibi, Wete

JIBU: Bibi, shikamoo. Utamsaidia sana, pengine kuliko unavyodhani. Mwaka 1988 mtafiti wa Marekani, Grover Whitehurst, na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto wadogo husonga mbele katika lugha pale mtu mzima anapowafanya wao wawe wasimulizi, kwa kuwauliza maswali juu ya picha na kuyapanua majibu yao, kuliko pale wanapokaa kimya kusikiliza tu. Kazi hiyo haihitaji kujua herufi.

Kwa hiyo mkalishe ubavuni mwako, fungueni kitabu, umwulize: huyu ni nani, anafanya nini, unadhani amekasirika kwa nini, na kitatokea nini tukifunua ukurasa? Akisema "Mvuvi", wewe ongeza: "Naam, mvuvi anatweka tanga, upepo umemgeukia." Msamiati wako wa Kiswahili, Bibi, ni hazina ambayo vitabu vingi vya watoto havina, nao utamfaa kila atakapokutana na maneno hayo yakiwa yameandikwa. Baada ya mazungumzo, yeye akusomee. Hutajua kama kila herufi ameitamka sawasawa, lakini utajua kama hadithi inaeleweka, na akisoma kitu kisichoingia akilini mwambie arudie, kwani mara nyingi hapo ndipo aliporuka neno au kulikisia.

Jicho lako litafaa pia kwa jambo jingine. Mtoto anayesoma juzuu chuoni huanza mstari kutoka kulia, na skuli huanza kutoka kushoto. Watoto hulizoea hilo upesi, lakini mwanzoni mwambie apitishe kidole kushoto kwenda kulia, nawe ukitazame kidole chake. Na siku ambayo kitabu hakipo, mpe paukwa, naye aitikie pakawa. Mtolee hadithi yako mwenyewe, halafu achore picha zake na kuandika maneno machache chini ya kila moja. Hicho ndicho kitabu atakachokusomea kesho.

SWALI: Mke wangu alimnunulia mtoto wetu wa miaka mitano kitabu ambacho hakina neno hata moja ndani, ni picha tu. Mimi naona tumepoteza fedha.
Baba, Kigoma

JIBU: Hamkuipoteza, ndugu yangu. Kitabu kisicho na maneno humfunza mtoto kupanga matukio, kueleza sababu zake na kusimulia kwa sentensi kamili, nayo ni maandalizi halisi ya kusoma kwa ufahamu. Elimu kwa njia ya picha si jambo la jana: Comenius, mwalimu wa Moravia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, alichapisha kitabu chake cha picha kwa watoto mjini Nuremberg mwaka 1658. Ila kisiwe ndicho kitabu pekee nyumbani, kwa sababu mtoto hajifunzi herufi mahali ambapo hazipo.

SWALI: Wanafunzi wangu wa gredi ya pili wanazisoma silabi bila kosa, lakini wakikutana na neno kama "walipomwona" katika kitabu cha hadithi, hukwama. Wengine hulisoma hadi mwisho, ila ukiwauliza ukurasa ulihusu nini hawajui. Kosa liko wapi?
Mwalimu, Nakuru

JIBU: Mwalimu, kwa maoni yangu kosa ni la daraja lililokosekana kati ya silabi na hadithi. Kiswahili ni chepesi kukianza, kwa sababu kina irabu tano, kila moja ikiwa na sauti yake isiyobadilika, na maandishi yake hufuata matamshi kwa ukaribu sana. Ugumu wake uko kwenye urefu wa maneno. Mtoto hufundishwa baba, meza na kiti, halafu hadithi inamletea kitenzi kimoja kilichobeba mtendaji, wakati, mtendwa na mzizi, vyote bila nafasi katikati.

Picha inaweza kuwa daraja hilo, ikitumiwa kabla ya kusoma. Tuseme ukurasa unaonyesha watoto wakimkimbia nyoka. Kabla hawajatazama maandishi, waulize: "Walipomwona nyoka walifanya nini?" Wajibu kwa sentensi kamili: "Walipomwona nyoka walikimbia." Sasa neno limo masikioni na vinywani mwao, na macho yakilifikia hayatakutana na mgeni. Ndipo uwaongoze kuligawa: wa, li, po, mwo, na. Wakishalitamka vizuri, andika karibu yake alipomwona na nilipomwona, uwatake waonyeshe katika picha ni nani anayesemwa katika kila neno, ni mmoja au ni wengi. Zingatia kwamba kugawa neno kwa silabi na kuligawa kwa maana ni kazi mbili tofauti: silabi mwo imechukua kiambishi mw pamoja na mwanzo wa mzizi ona. Usizichanganye katika somo moja. Silabi zitangulie, maana ya viambishi ifuate wakati neno limeshatamkika.

Chunguza pia kama wanaokwama walifundishwa kwamba kila silabi ni konsonanti na irabu tu. Mtoto wa namna hiyo akifika kwenye mtu atatafuta irabu baada ya m asiione, ilhali m hapo ni silabi kamili: m, tu. Vivyo hivyo, mb ya mbuzi na nd ya ndege hutamkwa kwa pamoja, na ng ya ngoma si ng' ya ng'ombe. Kitabu cha picha chenye wanyama kinakupa nafasi nzuri ya kuyaweka maneno hayo ubavu kwa ubavu.

Kuhusu wale wanaosoma bila kuelewa, wape kitabu hichohicho wakisome tena siku ya pili na ya tatu, kwa mwendo wa mtu anayezungumza. Mtoto anayesoma silabi mojamoja husahau mwanzo wa sentensi kabla hajafika mwisho wake, na dawa yake ni kurudia hadi maneno yaungane. Unapouliza maswali ya ufahamu, hakikisha angalau moja halina jibu katika picha. Ukiuliza nyoka alikuwa wa rangi gani, picha itamjibia. Ukiuliza nani aliyemwona kwanza, na jambo hilo limo katika maandishi peke yake, utajua kama amesoma.

SWALI: Tunaishi Minneapolis. Binti yetu wa miaka saba anasoma Kiingereza vizuri shuleni na Kiswahili anakizungumza nyumbani, lakini hawezi kukisoma. Vitabu vya picha vya Kiswahili tutavipata wapi, na tumwanzishe vipi?
Baba, Marekani

JIBU: Kwenye mtandao ipo African Storybook, iliyoanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, ambayo tovuti yake ilizinduliwa mwaka 2014. Hadithi zake za picha, zikiwamo za Kiswahili, zimewekwa kwa leseni huria, hivyo unaweza kuzipakua na kuzichapa bila malipo. StoryWeaver ya Pratham Books ya India, iliyoanza mwaka 2015, ina utaratibu kama huo. Zisome mwenyewe kwanza, kwani baadhi zimetafsiriwa, na tafsiri nyingine zina sentensi ambazo hakuna Mswahili angezisema, hizo ziache. Mtu wa kwenu akisafiri kutoka Dar es Salaam, mwombe akupitie maduka ya vitabu, aulize vilivyotolewa na Mkuki na Nyota na vile vya Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao umekuwa ukihimiza uandishi na usomaji wa vitabu vya watoto nchini Tanzania tangu mwaka 1991.

Binti yako hahitaji kuanzia mwanzo. Anajua kwamba herufi hubeba sauti, na anajua lugha. Kinachomkwaza kinaweza kuwa irabu. Akiona wake, pole au mate, jicho lake litayachukua kama maneno ya Kiingereza, kwa sababu yameandikwa vivyo hivyo. Tenga siku chache za irabu tano tu, kisha silabi, na usimkalishe hapo muda mrefu. Mpe ukurasa wenye picha ya msichana na paka, pameandikwa "Asha na paka wake." Akilisoma neno la mwisho kwa Kiingereza, sikio lake litakataa, kwa kuwa anajua watu wa nyumbani wanasemaje, mwache alirudie mwenyewe silabi kwa silabi. Akikimaliza kitabu, mpigieni simu ya video babu au bibi yake, awasomee huku akiwaonyesha picha, nao wamwulize maswali kwa Kiswahili.